Mto unafuka moshi lakini maji ni barafu: naomba mtuandikie joto la mito yetu

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Ipogolo, Iringa, huku kipupwe kimeshika kweli kweli na vidole ninavyobonyezea simu vimekufa ganzi. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi, mfugaji mdogo wa kuku wa mayai, mama wa watoto watatu na shangazi wa wengi, sijawahi kuandikia gazeti lolote maishani ila hili jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana, na likizo ya katikati ya mwaka ndo hii imefika tena, watoto wamejaa mtoni, nikasema hapana, safari hii naandika.

Mwaka jana likizo kama hii kaka yangu alinitumia kijana wake kutoka Dar, yuko kidato cha tatu. Kijana mrefu, ana kifua, na kuogelea anajua, hilo sibishi, amekulia Kigamboni na bahari ndo uwanja wake wa kuchezea. Jumamosi moja asubuhi akatoka na wanangu wawili kwenda Ruaha, huu Ruaha Mdogo unaopita hapa chini kwetu, kufua mablanketi, mimi nikabaki na kuku. Wanangu walivyonisimulia walifika kama saa mbili hivi, jua limeshatoka na linachoma mgongoni, na mto ulikuwa unafuka ule moshi wake wa asubuhi, sasa mgeni wetu alivyouona ule moshi akasema kumbe huku maji ya moto, yanafuka kama chai. Akavua shati, akapanda jiwe, akajirusha kichwa kwanza kwenye shimo lile ambalo maji yanatulia kabla hayajafika kwenye mawe.

Aliibuka mara moja. Mwanangu mkubwa anasema alimwona ameachama mdomo, macho yametoka, na sauti haitoki. Hakupiga kelele, hakuita mtu, mikono inapiga maji ovyo kama mtu ambaye hajawahi kuogelea hata siku moja, wao wakadhani anawafanyia utani, yule mdogo akawa anacheka. Akazama tena. Aliyemwokoa ni kijana wa bustani ya mchicha ng'ambo ya mto, alikuwa anawasha pampu yake, akaona. Hakuruka majini, na Mungu ambariki kwa hiyo akili. Alichomoa ule mpira wa kumwagilia akaurusha, yule mtoto akaudaka kwa kwapa maana vidole vilikuwa havikunji, akaburutwa mpaka kwenye matope ya ukingoni.

Muda wote huo hazikufika dakika tano.

Nilipofika nimekimbia na kanga moja nimemkuta amekaa kwenye majani, midomo imekuwa rangi ya zambarau, anatetemeka mpaka meno yanagongana, anajaribu kufunga kifungo cha shati na hawezi. Neno la kwanza aliloniambia ni hili, na ndilo lililonifanya nianze yote haya, "Shangazi, pumzi ilikataa." Hakusema amechoka, wala hakusema maji yalimvuta. Pumzi ilikataa. Nilikuwa sijawahi kusikia kitu kama hicho, sisi huku tukisikia mtu kafa maji tunauliza mto ulikuwa umejaa? alikuwa amelewa? anajua kuogelea? na siku ile mto haukujaa, mtoto hakulewa na kuogelea anajua kuliko wote waliokuwepo pale.

Basi mzee mmoja akasema mpeni pombe kali kidogo apate joto, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikawa tayari kumpa. Tuna jirani yetu muuguzi mstaafu, mama mtu mzima, ndiye aliyetuzuia. Akasema vueni nguo zote za maji, mfungeni blanketi kavu, kifua na tumbo na kichwa kwanza, msimsugue mikono wala miguu, mkae naye karibu, akitulia na akiweza kumeza vizuri mpeni chai ya moto yenye sukari. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, mtu anajisikia joto huku joto la ndani ndo linakimbilia nje. Nilimwelewa haraka maana mimi ni mtu wa vifaranga, kifaranga akilowa hata jua liwe linawaka anakufa usipomkausha na kumrudisha kwenye bruda, kile chumba cha joto cha vifaranga, nimeshapoteza wengi hivyo.

Jioni ile nikaenda kwa yule mama nikamuuliza sasa hii pumzi kukataa ni nini. Alinieleza kwa utaratibu na baadaye nimesoma zaidi mwenyewe, na naomba Mhariri msikate hapa kwenye kuchapa maana hapa ndo penye faida kwa wasomaji. Ngozi ikipigwa na maji ya baridi ghafla mwili unashtuka, mtu anavuta pumzi moja kubwa bila kutaka, huwezi kuizuia, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo basi unavuta maji. Baada ya hapo unahema haraka haraka bila kujitawala, moyo unakimbia, presha inapanda, na hali hiyo inachukua kama dakika moja mpaka tatu. Mshtuko huu unaanza kuonekana hata kwenye maji ya chini ya nyuzi 25 na unakuwa mkali zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi 15 na 10. Ukivuka hapo, ndani ya dakika kama kumi hivi mikono na miguu inaishiwa nguvu, vidole havishiki, ndo maana yule mtoto alidaka mpira kwa kwapa. Kule kupoa kwa mwili mzima mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 35, ambako wengi tunadhani ndo hatari yenyewe, kunakuja baadaye kabisa, kwa mtu mzima ni kama nusu saa au zaidi. Yaani wengi wanaokufa kwenye maji ya baridi wanakufa kabla hata ya kupoa. Na maji yanapitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa, ndo maana hewa ya nyuzi 15 unavaa sweta unaendelea na shughuli zako ila maji ya nyuzi 15 ni kitu kingine kabisa. Watoto wadogo ndo wanapoa haraka zaidi maana kamwili ni kadogo na ngozi ni nyingi ukilinganisha na uzito wao.

Sasa fikiria huyu wa kwetu. Bahari ya Dar hata mwezi wa saba iko nyuzi 25 hivi, mwezi wa tatu inakaribia 30, na maji ya chumvi yanakubeba kidogo kuliko ya mtoni. Alitoka huko akaja kujirusha hapa. Ujuzi wake wote ulikuwa wa maji ya vuguvugu.

Kipimajoto changu cha bruda ndo nilichoanza nacho, kile cha kioo cha kawaida, nimekifunga kamba ya katani na kajiwe ili kizame. Wiki ile ile nikashuka mtoni alfajiri, nikakiacha majini dakika tano, nikasoma nyuzi 15. Saa tisa mchana nikarudi, jua kali la Iringa unajua lilivyo, watu wanatafuta kivuli, nikapima pale pale nikapata 18. Tatu tu zimeongezeka. Hewa inapanda na kushuka haraka lakini maji ni mazito kupasha, usiku mzima yamepoa na mchana mmoja hauyatoshi, ndo maana jua la saa sita linamdanganya mtoto, mgongo unaungua na anaona lazima na maji yameshapata moto. Nikaja kusoma kwamba mashindano ya kimataifa ya kuogelea kwenye maji ya wazi, yale ya mabingwa wa dunia, hayaruhusiwi maji yakiwa chini ya nyuzi 16, na mabwawa ya Olimpiki yanawekwa kati ya 25 na 28. Mabingwa wangezuiwa kuingia Ruaha yetu alfajiri ya Julai, halafu sisi tunawaacha watoto wa darasa la nne.

Na ule moshi. Jamani ule moshi. Mto unafuka asubuhi kwa sababu hewa ni ya baridi kuliko maji, basi, hauna habari na maji kuwa ya moto. Mvuke unatoka majini unakutana na hewa ya nyuzi 8 au 9 unageuka ukungu, unauona. Ukiona mto unafuka sana jua tu kwamba usiku ulikuwa mkali, na huo huo usiku mkali ndo umeyapooza na maji. Hili ningependa kila mtoto wa Iringa, Mufindi, Njombe, Makete na Mbeya alijue kama anavyojua nyoka.

Kuanzia hapo nimekuwa napima karibu kila wiki kwa mwaka mzima, kwenye daftari la mayai, upande mmoja trei na upande mwingine nyuzi, na nilichojifunza ni kwamba mto huu si mmoja. Mwezi wa kumi mwishoni nilipima mchana nikapata 24, hapo maji ni machache, yanatembea polepole juu ya mawe yaliyochomwa na jua, watoto wanaogelea wanafurahi na baridi haina shida, ila sasa shimo walilokuwa wanajirusha mwezi wa tano limebaki kina cha kiunoni na jiwe liko chini, shingo inavunjika hapo. Na maji machache yaliyotuama ndo yanakusanya uchafu wote, tena konokono wa kichocho anapenda maji ya hivyo hivyo, yametulia, vuguvugu, yana majani. Mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja mwishoni au wa kumi na mbili, mto unabadilika kwa saa moja. Ruaha Mdogo anatoka juu huko Mufindi, mvua inanyesha huko, hapa kwetu jua linawaka, wanawake wanafua, halafu maji yanaanza kubadilika rangi, povu na majani na vijiti vinapita, sauti inakuwa nzito, ukiona hivyo usisubiri kuangalia, toka. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima, na mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili nguvu yake ya kukusukuma inakuwa mara nne, ndo maana maji ya magotini yanaangusha mwanaume. Januari mpaka Aprili nilipima 20, 21, si baridi ya kukata pumzi lakini maji ni ya kahawia huoni mguu wako, na ndo msimu wa ulanzi vilevile, mianzi inagemwa mvua zikinyesha, watu wanarudi nyumbani jioni wamechangamka na wanataka kuvuka kwa miguu palepale walipovuka asubuhi.

Halafu inakuja Mei. Mvua zimekata, mto umeshuka, maji meupe unaona mpaka mchanga wa chini, samaki wadogo wanapita, pazuri mno, na wazazi wote tunapumua, tunasema sasa mto umetulia nendeni mkaoge. Hapo ndo nilipokuwa nakosea mimi miaka yote. Macho yanatazama kina na mwendo wa maji, joto huwezi kuliona kwa macho, na kuanzia Mei kila wiki daftari langu linashuka, 19, 18, 17, mpaka Julai. Tena kwenye mashimo yenye kivuli juu panaweza kuwa afadhali kidogo ila ukipiga mbizi chini miguu inakutana na baridi nyingine kabisa, wapigaji mbizi wote wanaijua hiyo.

Mimi kwetu asili ni Rungwe, nimekulia karibu na mto Kiwira, na huko wazee walikuwa na sheria zao bila kipimajoto. Tulikatazwa kuoga kabla ya jua kufika upande wa pili wa bonde. Tulikatazwa kuruka, unaingia miguu, unasimama, unachota maji unanawa uso, shingo, kifua, ndo unachuchumaa. Sisi tulidhani ni adabu tu ya mtoni au mambo ya mizimu, kumbe kile kitendo cha kunawa kwanza kinaupa mwili nafasi ya kushtuka ukiwa umesimama na kichwa kiko juu. Bibi yangu hakusoma ila alikuwa anajua pumzi inaweza kukataa. Na pale Kijungu, ambapo Kiwira inaingia chini ya mwamba kama imemezwa, hakuna aliyekuwa anasogea, hata kuchunga ng'ombe tulikaa mbali. Kiwira ni mto wa kufikirisha, unaanzia kwenye milima ya baridi ya Rungwe ambako kilele kinakaribia mita 3,000, unashuka mpaka Ziwa Nyasa lililoko chini ya mita 500, na hewa inaongezeka joto kama nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazoshuka, kwa hiyo mtoto wa Kyela anaoga Julai kwenye mto ule ule ambao binamu yake wa Tukuyu hawezi kuuingia, ila wa Kyela naye ana mamba wa kuangalia. Mtu wa Kyela akija kuwatembelea ndugu zake juu milimani ni kama yule wangu wa Kigamboni tu.

Nisije nikasahau Ruaha Mkuu, maana watu wanachanganya. Ule wa kule hifadhini tangu 1993 umekuwa unakauka kabisa kiangazi sehemu nyingi, yanabaki mabwawa mabwawa, maji ya moto, na viboko na mamba wote wamejibana humo. Hapo hakuna cha joto wala baridi, si pa kuingia. Na huku kwetu tusipoangalia tutafika hukohuko, sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto zisiguswe lakini vinyungu, hizi bustani zetu za mabondeni, vimeshuka mpaka kwenye maji, nasema hivi na mimi nina kinyungu, nimerudi nyuma msimu huu na nimepanda miti ya asili badala ya mlingoti. Mto ukikosa kivuli na maji yakipungua unachemka mchana wa Oktoba na unapoa zaidi usiku wa Julai, vyote viwili vinatuumiza.

Sasa ombi langu, Mhariri. Gazeti lenu lina kile kiboksi cha hali ya hewa, Dar nyuzi kadhaa, Mbeya nyuzi kadhaa, Iringa, Songea. Hiyo ni hewa, na tunawashukuru Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa kazi hiyo. Naomba chini yake muongeze mstari mmoja wa maji. Mmoja tu. Mto gani, wapi, asubuhi nyuzi ngapi, mchana ngapi, maji yametulia au yanapanda. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ofisi yao iko hapahapa Iringa na wenzao wa Bonde la Ziwa Nyasa wapo upande wa Mbeya, na mitoni kuna zile rula ndefu zilizosimikwa za kusoma kina, mtu anakuja anasoma anaandika. Anayesoma rula akiwa na kipimajoto mfukoni ni dakika tano zimeongezeka. Redio zetu za hapa mkoani zikinakili huo mstari kutoka kwenu zikausoma asubuhi pamoja na bei ya mahindi, mama anayepika uji atausikia kabla mtoto hajatoka. Juni, Julai, Agosti kwa ajili ya baridi, na Desemba mpaka Aprili kwa ajili ya mafuriko, hata hiyo miezi mingine mkipumzika sitalalamika sana.

La pili ni kwa walimu, na najua mnasomwa sana na walimu. Kabla ya kufunga shule mwezi wa sita mpeni mtoto nusu saa tu ya mambo ya mtoni. Hahitaji bwawa, wala hahitaji kocha. Aambiwe asijirushe, aingie miguu kwanza na anawe uso. Aambiwe akishtukwa na maji asipigane nayo, alale chali, masikio ndani ya maji, mdomo juu, aelee tu ahesabu mpaka pumzi irudi, itarudi, dakika moja au mbili, ndo aanze kuogelea kutafuta ukingo. Watoto wafanye hiyo ya kulala chali wakiwa darasani juu ya mkeka wacheke wee, siku ya siku mwili utakumbuka. Na aambiwe akiona mwenzake anazama kimya kimya mdomo wazi huo si utani, na asiruke kumfuata, arushe kitu. Na sisi watu wazima tuache ile ya kumning'iniza mtoto kichwa chini au kumkanyaga tumbo kutoa maji, yule mama muuguzi anasema unapoteza muda tu na anatapika maji yanaingia kwenye mapafu. Kama hapumui, mlaze chali, mpulizie pumzi mdomoni kwanza, halafu kandamiza kifua mara 30 kwa pumzi 2, usiache, huku mwingine anatafuta usafiri wa hospitali.

Dunia nzima watu kama laki 3 walikufa maji mwaka 2021 peke yake, hizo ni hesabu za Shirika la Afya Duniani, na wengi mno wanatoka kwenye nchi kama zetu, na Umoja wa Mataifa mwaka huohuo wakaweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo hivi. Tarehe 25 Julai, Mhariri! Kwetu huku ndo katikati ya kipupwe, maji yako kwenye baridi yake ya mwisho. Ingependeza ule mstari wa kwanza mkauchapa siku hiyo.

Sisi hapa mtaani tumeanza na tulichoweza. Tumechanga tukanunua kamba mita ishirini, tumefunga dumu tupu la lita 20 lenye mfuniko mzima, tumelitundika kwenye mkuyu pale ukingoni. Dumu hilo likifungwa vizuri linabeba karibu kilo 20 juu ya maji na mtu aliye majini anahitaji kilo chache tu kichwa chake kikae juu, linatosha hata kwa wawili. La kwanza lilichukuliwa wiki ya pili, nadhani mtu alikuwa na shida ya maji nyumbani, simlaani. La pili tukalipaka rangi nyekundu tukaandika LA KUOKOLEA, lina miezi mitano bado lipo na yule kijana wa mchicha ndiye anakagua kamba.

Na ili msije mkasema mtaanzia wapi, mstari wa leo nawapa mimi. Ruaha Mdogo, Ipogolo, Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, nyuzi 15, maji meupe yametulia, yanafuka sana. Aliyeshika kamba ya kipimajoto na kunisomea namba ni yule yule mtoto wa kaka yangu, amefika juzi kwa basi la usiku, amekuja na sweta mbili.

Wenu,
Shangazi, mfuga kuku
Ipogolo, Iringa